Tufani ya Mwaka 1872 na Kuhama kwa Karafuu

Watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki, tangu zama ambazo hapana aliyeziandika, wamepanga maisha yao kwa hesabu ya pepo: kaskazi, ambayo huingia mwishoni mwa mwaka na kuyaleta majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi, kusi, ambayo huanza kuvuma mwezi wa Aprili na kuyarejesha kwao yakiwa yamesheheni boriti, pembe na karafuu, na baina ya pepo hizo mbili, siku za malelezi, ambapo upepo hauna kauli moja, mvua za masika zimekwisha kuanza, na manahodha waliomaliza biashara zao hukaa bandarini wakitazama mawingu na kungojea saa ya kutweka. Katika siku hizo za kungojea, Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872, mwanzo mwanzo wa mwezi wa Safar, yaani Mfungo Tano, wa mwaka 1289 wa Hijra, kisiwa cha Unguja kilipigwa na tufani ambayo mfano wake haukuwa umesikiwa na mtu yeyote aliyekuwa hai wakati ule.

Si kwamba tufani zilikuwa jambo geni katika Bahari ya Hindi. Mabaharia wa Unguja waliokwenda Bukini na Ngazija walizijua habari zake, na katika kisiwa cha Mauritius, ambako zilikuwa zikibomoa mashamba ya miwa mwaka baada ya mwaka, walikuwapo wanazuoni waliozifuatia nyendo zake kwa daftari za merikebu na vipimo vya uzito wa hewa. Lakini zilihesabiwa kuwa msiba wa watu wa kusini. Tufani ya namna hii huzaliwa juu ya bahari iliyopata joto jingi. Hewa iliyobeba mvuke hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza mahali palipoachwa, na kule kuzunguka kwa dunia yenyewe huipinda mikondo ile hata ikawa inazunguka kitovu kimoja, na upande wetu wa kusini wa Ikweta huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Jinsi mahali panavyokaribia Ikweta ndivyo nguvu hiyo ya kupinda inavyopungua, na kwa sababu hiyo aghalabu tufani zinazotoka mashariki hupinda kuelekea Bukini na Msumbiji, zikaliacha eneo letu katika amani. Unguja iko katika nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, na wenyeji wake walikuwa na haki kabisa ya kuamini kwamba nchi yao imeepushwa na balaa hilo.

Ili kuufahamu ukubwa wa hasara iliyoingia siku ile, ni lazima kwanza kutazama kisiwa kilikuwa katika hali gani usiku wa Jumapili, kabla upepo haujazidi. Mkarafuu haukuwa mti wa asili ya Unguja. Aliyetajwa sana kuuleta, kutoka visiwa vya Mascarene, yapata mwaka 1818, ni Saleh bin Haramil, na shamba lake la Kizimbani likaja kuingia mikononi mwa Seyyid Said bin Sultan, ambaye alitambua upesi kwamba mti huu ungeweza kuigeuza Unguja kutoka kituo cha biashara kuwa nchi yenye mali ya ardhi. Husimuliwa kwamba aliamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na asiyetii anyang'anywe ardhi yake. Hata ikiwa masimulizi yameitia amri hiyo chumvi kidogo, matokeo yake yalionekana kwa macho: katika muda wa miaka 30 hivi, vilima vya magharibi na vya katikati ya kisiwa, kuanzia Bumbwini na Mkokotoni hata Dunga na Machui, vilifunikwa na mikarafuu iliyopandwa, kupaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara kwa maelfu kila mwaka, wengi wao wakipitia Kilwa.

Lakini mali hiyo ilikuwa na ugonjwa ndani yake. Kadiri miti ilivyozaa ndivyo bei ilivyoshuka, na kufikia miaka ya 1860 frasila moja ya karafuu haikuleta ila sehemu ndogo ya thamani iliyokuwa nayo katika siku za mwanzo. Wenye mashamba, waliozoea maisha ya ukarimu na nyumba zilizojaa wageni, hawakupunguza matumizi, walikopa. Waliokopesha walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa kuwa Mwislamu hapokei riba kwa jina lake, mikataba iliandikwa kwa njia nyingine, shamba likawekwa rehani au mazao yakauzwa kabla hayajachumwa, na mwisho wa hesabu deni lilikuwa palepale. Dola yenyewe haikuwa mbali na hali hiyo: Seyyid Barghash bin Said, aliyekalia kiti cha enzi mwezi wa Oktoba 1870 baada ya kufariki kaka yake Seyyid Majid, alirithi pamoja na kiti hicho deni kubwa lililodaiwa na nyumba ya Jairam Shivji, nyumba ileile iliyokuwa imekodi ushuru wa forodha kwa miaka mingi. Tena, miaka miwili tu kabla ya tufani, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kilikuwa kimepita mjini na mashambani na kuua watu kwa maelfu, waungwana kwa watumwa, hata maiti wakawa wanazikwa pasi na mazishi ya kawaida. Nchi iliyopigwa na upepo mwezi wa Aprili 1872 ilikuwa haijamaliza matanga ya ugonjwa.

Upepo ulianza upande wa kusini, na mwanzoni haukumshtua mtu, maana kusi ndiyo iliyokuwa ikitazamiwa. Bandari ya Unguja, kwa yeyote anayeijua, imejengwa na Mwenyezi Mungu kwa ajili ya kusi: ncha ya Shangani hutoka baharini ikauzuia upepo wa kusini, na vyombo vilivyotia nanga mbele ya Forodhani na Malindi hukaa juu ya maji yaliyotulia hata wakati ambapo upande wa pili wa ncha ile mawimbi yanapasuka. Lakini bandari hiyohiyo, upande wa kaskazi na wa magharibi, iko wazi, haina kinga ila visiwa vidogo na mafungu ya mchanga. Mtu akiikumbuka ile kanuni ya kuzunguka iliyoelezwa hapo juu ataona mara moja hatari ilikuwa wapi. Tufani inayotoka mashariki, kabla ya kitovu chake kupita, huvumisha upepo wa kusini; kitovu kikishapita, upepo hugeuka ukavuma kutoka upande ulio kinyume, kwa ghadhabu isiyopungua ile ya kwanza, na mara nyingi kuipita. Baharia aliyelala usiku wa Jumapili akiwa na imani na kinga ya Shangani aliamka Jumatatu juu ya bahari iliyokuwa ikimsukuma kwenye kuta za mji.

Amari zilikatika, nanga zikakokota, na vyombo vikaanza kugongana. Majahazi na mabaghala yaliyokuwa yakingojea kurudi Arabuni na Kachi, mashua za wavuvi, merikebu za matanga za wafanyabiashara wa Kizungu, vyote vikarushwa ufukweni au vikazama palepale vilipokuwa. Pamoja navyo ziliangamia merikebu za Seyyid Barghash mwenyewe, na hapa inafaa kusimama kidogo. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa na manowari ambazo wafalme wa Ulaya walizitazama kwa heshima; moja, iliyoitwa Liverpool, alimpa zawadi Mfalme William wa Nne wa Uingereza mwaka 1836, na nyingine, Sultana, ilivuka bahari mbili mwaka 1840 na kutia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Baada ya mwaka 1861, Oman na Unguja zilipotenganishwa kwa hukumu ya Lord Canning, yaliyobaki Unguja yalikuwa mabaki ya fahari hiyo, na mabaki hayo ndiyo yaliyomalizwa na upepo wa siku moja. Mtawala aliyepanda kitandani akiwa na jeshi la bahari aliamka hana. Wakati wowote mwingine hilo lingekuwa ni suala la fedha tu. Mwaka 1872, wakati manowari za Kiingereza zilipokuwa zikizidi mwaka hata mwaka kuyapekua majahazi yanayochukua watumwa, lilikuwa ni suala la nani mwenye bahari.

Mjini, nyumba za mawe zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa na kuezekwa kwa boriti za mikoko zilistahimili kwa kiasi chake, ijapokuwa nyingi zilipoteza mapaa na roshani, na mvua ikaingia hata kwenye maghala na kuharibu bidhaa. Ng'ambo ya pwani ya Darajani, walikokaa maskini, wahamali, watumwa walioachwa huru na wageni wasio na jamaa, katika vibanda vya udongo na makuti, hapakuwa na cha kustahimili. Taarikhi za wakati ule, zilizoandikwa na mabalozi na wamisionari waliokaa Shangani, zina maneno mengi juu ya merikebu na machache juu ya Ng'ambo. Nami sidhani kuwa ni kwa sababu waliokaa Ng'ambo walipata hasara ndogo.

Mashambani ndiko kulikokuwa na msiba mkubwa. Mkarafuu ni mti wa kupendeza, mrefu, mwembamba wa shina, mzito wa majani, lakini mizizi yake haishuki sana. Na wakati ule wa masika ardhi ilikuwa imelowa. Upepo uliipiga miti upande mmoja, kisha ukarudi na kuipiga upande wa pili, na ile iliyokuwa imelegea kwa kipigo cha kwanza iling'oka kwa cha pili. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa, na wako wanaosema zaidi. Mikarafuu ya Unguja ilikuwa ya umri mmoja, iliyopandwa katika kizazi kimoja chini ya amri moja, na sasa ilikuwa imelala kama mikeka iliyotandikwa, ikizuia njia za mashambani hata watu wakawa hawawezi kupita ila kwa kukata matawi. Mtu anayeupanda mkarafuu leo hungoja miaka 6 au 7 hata aone vikonyo vya kwanza, na miaka mingi zaidi hata mti ukomae kuzaa sawasawa. Mwenye shamba aliyekuwa na deni la kulipa msimu ule alikuwa hana cha kulipa kwa muda usiopungua huo, na mdai wake alilijua hilo siku ya pili yake.

Tufani haikuishia kisiwani. Ilivuka mlango wa bahari ikaipiga Bagamoyo, ambako mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioongozwa na Padre Horner, walikuwa wameanzisha misheni yao mwaka 1868 pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Majengo yao yaliangushwa, na kazi ya miaka minne ikabidi ianzwe upya. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya hata bara. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kumkuta Livingstone Ujiji, aliukuta uwanda wa Makata umegeuka ziwa, na mji wa Simbamwenni, uliokuwa na sifa ya kuta zake imara, umebomolewa sehemu na mafuriko. Na alipofika Bagamoyo mwanzoni mwa mwezi wa Mei, kisha akavuka kwenda Unguja, aliukuta mji ambao ulikuwa bado unaokota magogo ya vyombo vyake.

Na Pemba? Pemba, iliyo maili 30 na kitu tu kaskazini ya Unguja, haikuguswa ila kidogo. Hiyo nayo ni tabia ya tufani ya namna hii: kitovu chake, penye nguvu za kuua, huweza kuwa chembamba sana, na mahali palipo mwendo wa nusu siku kwa jahazi pakaona mvua na upepo wa kawaida tu. Kwa hivyo, katika visiwa viwili ambavyo watawala na wafanyabiashara walikuwa wamezoea kuvihesabu kuwa dola moja, kimoja kilipoteza mazao yake na kingine kikabaki na yake yote. Na kile kilichopoteza ndicho kilichokuwa kikubwa kwa karafuu, na kile kilichobaki ndicho kilichokuwa kikidharauliwa.

Kabla ya siku ile, Waarabu waliiita Pemba Jaziratul Khadhra, kisiwa cha kijani, nao hawakuwa na maana ya karafuu. Ilikuwa nchi ya mpunga, ya minazi, ya ng'ombe na ya kuku. Nchi iliyolisha wengine, na iliyokuwa na mikarafuu michache iliyopandwa na watu walioifuata mifano ya Unguja. Tufani ilipoondoa karafuu za Unguja sokoni, bei iliyokuwa imelala kwa miaka 20 ilipanda mara kadhaa, na yeyote aliyekuwa na mikarafuu Pemba alijikuta tajiri bila ya kutia mkono. Waliokuwa hawana walianza kupanda. Ardhi ya Pemba, yenye vilima vingi, mabonde na mvua za kutosha, ikadhihirika kuwa inaukubali mti huo kuliko hata ya Unguja, na kabla ya karne ile kwisha Pemba ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dola nzima, kiasi cha robo tatu na zaidi katika miaka mingi. Msimamo huo haukubadilika tena.

Wanahistoria wa kipindi hiki huanza kwa kawaida na mwezi wa Januari 1873, alipofika Sir Bartle Frere na ujumbe wa serikali ya Kiingereza kumtaka Seyyid Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Tufani huitaja kwa sentensi moja, kama kwamba ilikuwa ni hali ya hewa tu. Mimi naona kuwa mambo hayo mawili hayatenganiki. Barghash, katika mazungumzo yake na Frere na balozi John Kirk, hakuchoka kuwakumbusha kwamba watu wake walikuwa wamefilisika kwa upepo, kwamba kupanda tena mashamba kunataka mikono, na kwamba kumwondolea mikono hiyo wakati kama huo ni kummaliza mtu aliyekwisha kuanguka. Upande wa Waingereza, hoja hiyohiyo ilisomwa kinyume: nchi iliyokosa manowari, iliyokosa mazao na yenye deni haina nguvu za kukataa. Frere aliondoka bila ya kupata saini; lakini mwezi wa Juni, Kirk alipopewa ruhusa ya kutishia kuizingira bandari kwa manowari, Barghash alitia saini, tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule, juu ya kiwanja chake, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana. Ni haki kuhimidi kufungwa kwa soko hilo. Lakini si haki kulieleza kama tunda la hoja njema peke yake, ilhali mmoja wa wafanya mazungumzo alikuwa ametoka kuangushwa chini miezi 14 kabla.

Kisha kuna jambo lililo chungu zaidi, nalo ni kwamba tufani ileile iliyodhoofisha mkono wa Barghash mbele ya Waingereza iliamsha tamaa ya watumwa huko Pemba. Bei ya karafuu ilipopanda na mashamba mapya yalipofyekwa, haja ya watu wa kuyapanda na kuyachuma ilizidi. Wengine walihamishwa kutoka Unguja, kwenye mashamba yaliyoangushwa, na wengine waliletwa kwa siri kutoka bara. Njia za baharini zilipokazwa, misafara ya watumwa ilitembea kwa nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, hata mwambao wa Pangani na Tanga, kisha ikavushwa usiku kwa mashua ndogo hadi kwenye vijito vya mikoko vya Pemba, ambavyo ni vingi na vya kujificha, na ambavyo mgeni hawezi kuvijua vyote hata akikaa miaka. Mwaka 1876 Barghash, kwa kushikiliwa na Kirk, alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu nayo. Waingereza waliiweka Unguja manowari ya zamani iliyoitwa London, kutoka mwaka 1874 mpaka 1883, iwe kituo cha boti za doria. Na nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwezi wa Desemba 1881, alipokuwa akilipanda jahazi lililochukua watumwa. Mtu anaweza kusema bila ya kukosea sana kwamba Brownrigg alikufa kwa sababu ya upepo uliovuma miaka tisa kabla yake.

Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Unguja na Pemba hata mwezi wa Aprili 1897, robo ya karne baada ya tufani, na hata hapo kwa masharti yaliyowaacha wengi mashambani kwa muda mrefu. Miaka hiyo 25, watu waliochuma karafuu za Pemba, waliozianika juu ya majamvi na kuzichambua makonyo, ndio waliolipa gharama ya kile kisichowahusu: waliilipia hasara ya Unguja kwa migongo yao.

Barghash, kwa upande wake, alipata nafuu. Karafuu chache kwa bei kubwa, ushuru ulioongezeka, na merikebu za moshi zilizoanza kupitia Unguja kwa ratiba mwishoni mwa mwaka uleule wa 1872, miaka mitatu tu baada ya kufunguliwa Mfereji wa Suez, vilimrejeshea mapato kuliko alivyotazamia yeyote. Ndipo ikaja enzi ya majengo, ambayo ndiyo watu huikumbuka kwa jina lake: Beit al-Ajaib mwaka 1883, mabomba ya maji safi kutoka kwenye chemchemi mpaka mjini, kasri ya Chukwani na ile ya Marahubi. Na merikebu nayo hakuisahau. Mwaka 1873 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow ilitembelea Unguja, naye alipendezwa nayo hata akaagiza moja ya mfano wake kwa wajenzi wa William Denny na ndugu zake, huko Dumbarton, Scotland. Iliteremshwa majini mwaka 1878 na kupewa jina lilelile. Ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa na manufaa, na sehemu kubwa ya miaka yake ilikaa imetia nanga mbele ya kasri. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vifupi baina ya Waingereza na Khalid bin Barghash, ilipigwa kwa mizinga ikazama hapohapo, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji ya bandari kwa miaka mingi.

Huko Unguja mashambani, uponaji ulikuwa wa polepole na wa sura nyingine. Wengi walipanda tena, ila si wote waliopanda mikarafuu. Minazi iliongezeka, na baadhi ya vilima vilivyokuwa vya Waarabu wakubwa vilirudia kuwa msitu na vikonde vya muhogo. Mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuingia rehani, na kamba ya deni baina ya mwenye ardhi na mwenye fedha, iliyosokotwa kabla ya tufani na kukazwa na tufani, haikukatika karne hiyo. Serikali ya wakoloni ilipotunga sheria za mwaka 1934 za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wadai, na kutia biashara ya karafuu mkononi mwa chama kimoja, ilikuwa ikiugusa ugonjwa uliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, na kuugusa kwake kulizua ugomvi mkubwa na wafanyabiashara wa Kihindi.

Pemba mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ninayoiona kuwa athari ya kudumu zaidi ya upepo wa Safar. Unguja mashamba ya karafuu yalikuwa yameanzishwa na wakuu, kwa amri ya Sultani, na wenyeji wa asili wakasogezwa mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe, wakabaki na madema yao, ngarawa zao na mtama wao. Pemba karafuu zilikuja kwa haraka, baada ya bei kupanda, katika nchi ambayo Wapemba walikuwa bado wanaikalia yote. Mwarabu aliyetaka kupanda hakuweza daima kumfukuza mwenyeji. Aghalabu walipatana: mwenyeji ataifyeka ardhi, atapanda mikarafuu na kuilea, na itakapozaa watagawana, nusu kwa nusu. Kwa njia hiyo Mpemba wa kawaida, aliyekuwa na mpunga wake na minazi yake, akawa naye ana mikarafuu yake, hata ikiwa ni kumi au ishirini. Watu waliooana na kugawana mashamba kwa namna hiyo hawakuwa na sababu za kuchukiana sawasawa na wale waliotenganishwa na ukuta wa ardhi. Na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini, katika uchaguzi wa miaka ya 1950 na ya 1960, visiwa viwili vya dola moja vilipiga kura kama nchi mbili, hataelewa kwa kusoma hotuba za wanasiasa peke yake. Itambidi afuatilie nani alipanda nini, wapi, na kwa mapatano gani, katika miaka ya 1870 na ya 1880.

Mwambao haukuona tena kitu cha ukubwa ule kwa muda mrefu sana. Mwezi wa Aprili 1952 tufani nyingine ilikuja, hii ikapita kusini ya Unguja na kuiangukia Lindi, ikabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kikaingia Cabo Delgado, na watu wa Mtwara wakahamishwa kwa tahadhari. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia ikiwa bado na nguvu. Zote zimekuja mwishoni mwa masika au katikati yake, katika siku zilezile za malelezi. Sasa zina majina kabla ya kufika, na mamlaka za hali ya hewa huzitangaza redioni siku kadhaa mbele, jambo ambalo manahodha wa mwaka 1872 wangelilipia kwa nusu ya shehena zao.

Na karafuu zimebaki zilikohamia. Shirika la serikali linalozinunua hufungua vituo vyake vingi msimu wa uchumaji Wete, Mkoani na Chake Chake, na Unguja, ambayo ilikuwa na mikarafuu kabla ya Pemba kuijali, huchangia sehemu ndogo tu ya mavuno.